Neno "authority" la Kiingereza: mwongozo kamili wa kulielewa, kulitumia na kulitafsiri

Mtafsiri anayeandika "mamlaka" kila anapokutana na "authority" atapatia mara nyingi, na pale atakapokosea hatashtuka, kwa sababu sentensi yake itasomeka vizuri tu. Ndiyo hatari ya neno hili. Halikwamishi mtu kama maneno magumu ya kitaalamu. Linampitisha huku limebadilisha maana. Barua ya ofisi inamkabidhi mjumbe zaidi ya alichokusudiwa, habari ya gazeti inamfanya msomaji ashindwe kujua kama waliokamata watu ni polisi au idara ya kodi, na mwanafunzi anapoteza alama kwenye insha aliyoielewa barabara.

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi kati ya lugha hizi mbili kila siku: makatibu muhtasi, waandishi wa habari, wanafunzi, watafsiri, makarani wa mahakama. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana kila moja inaipunguzia kazi inayofuata.

Kwanza, maana zenyewe

"Authority" ina maana tano zinazokutana na mtu kila siku. Ya kwanza ni haki ya kuamuru na kutiiwa, kama aliyonayo mwalimu mkuu kwa walimu wake. Ya pili ni idhini ya kufanya jambo fulani, kama mtu aliyeruhusiwa kusaini hundi za chama. Ya tatu ni chombo chenye haki hiyo, mathalani mamlaka ya bandari. Ya nne ni mtu, kitabu au uamuzi unaotegemewa kuwa ndio wenye neno la mwisho katika jambo. Ya tano ni ule uzito katika sauti au mwenendo wa mtu unaowafanya wengine wanyamaze wamsikilize.

Maana ya nne huwashangaza wengi: mtaalamu wa ushairi anaingiaje kwenye neno la utawala? Jibu limo katika asili yake. Neno liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata katika Kilatini "auctoritas", lililotokana na "auctor", yaani mwanzilishi au mtungaji, ambalo ndilo limezaa pia "author". Waingereza walianza kulitumia kwa maandishi yanayomaliza ubishi, hasa kifungu cha maandiko matakatifu, kabla halijazoeleka kwa nguvu ya kuamuru. Kwa hiyo tangu mwanzo "authority" ni yule au kile ambacho neno lake linakubalika. Mfalme, bingwa wa sarufi na uamuzi wa mahakama ya rufani wote wanaingia humo.

Matamshi nayo yasipuuzwe. Mkazo uko silabi ya pili: o-THO-ri-ti kwa Waingereza, a-THO-ri-ti kwa Wamarekani, silabi ya kwanza ikitamkwa kwa wepesi. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi hukimbilia "authoRIti". Na "th" yake ni ile ya "thamani", si "dh" ya "dhahabu".

Hatua ya kwanza: tazama umbo la neno

Kabla ya kufikiria maana, angalia kama neno lina "a" au "an" mbele yake, au kama liko katika wingi.

Likiwa peke yake, bila "an" na bila wingi, ni haki ya kuamuru, idhini, au ule uzito wa mtu. "She has authority" maana yake ana mamlaka, au ana kauli. Hapa neno halihesabiki, kama maji au busara.

Likiwa na "an", limekuwa kitu kinachohesabika: chombo au mjuzi. "She is an authority" haimaanishi kabisa kuwa ana cheo. Ni kwamba yeye ni bingwa wa jambo, hata kama hana ofisi wala msaidizi. Herufi mbili tu zimemtoa mtu kitini na kumpeleka maktaba.

Likiwa "authorities" bila "the", linaweza kuwa vyombo kadhaa, kama "water authorities", au wajuzi kadhaa, au rejea za kisheria kadhaa. Likiwa "the authorities", mara nyingi ni dola kwa ujumla wake: serikali, polisi, uhamiaji, wakuu wa mkoa. Kitenzi chake huwa cha wingi siku zote, "the authorities have", si "has".

Hatua ya pili: tazama kihusishi kinachofuata

Ukibaki na shaka baada ya hatua ya kwanza, neno dogo linalofuata litaimaliza.

"Authority over" ni juu ya watu au eneo. "The council has authority over the market" maana yake soko liko chini ya halmashauri, nayo ndiyo inayoamua.

"Authority to" hufuatwa na kitenzi na maana yake ni idhini ya kutenda. "Authority to sign", "authority to arrest". Hapa Kiswahili kinataka "mamlaka ya kusaini" au "idhini ya kusaini", kutegemea nani kampa nani.

"Authority on" ni ujuzi. "An authority on coastal history" ni bingwa wa historia ya pwani.

"Authority for" huulizia msingi. "What is your authority for that statement?" ni swali la wakili au mhariri: umeitoa wapi kauli hiyo, sheria ipi au kitabu kipi?

Pale penye mtego mkubwa zaidi kwetu ni "over" na "on". Kiswahili kina "juu ya" inayobeba zote mbili, na inabeba "kuhusu" pia. Mtu anayefikiri "ana mamlaka juu ya wafanyakazi" huandika "he has authority on the workers". Msomaji wa Kiingereza anakwama, maana "on" inamwelekeza kwenye ujuzi, kana kwamba jamaa amesomea tabia za wafanyakazi. Iwe "over". Kinyume chake pia hutokea: "an authority over Swahili poetry" inamfanya bingwa wa ushairi aonekane kama anawatoza kodi washairi.

Kuna jina moja linaloonekana kuvunja kanuni hii, nalo ni la IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Kirefu chake ni "Intergovernmental Authority on Development". Taasisi ilianzishwa mwaka 1986 ikiwa na neno ukame ndani ya jina, kisha jina likabadilishwa mwaka 1996. "On" hapo inataja eneo la kazi, yaani mamlaka ya kiserikali inayoshughulikia maendeleo. Usiige muundo huo katika sentensi za kawaida. Majina rasmi yana sheria zake.

Kinachotangulia neno nacho kina siri yake. "In authority" ni walio na madaraka: "people in authority". "Under the authority of" ni chini ya usimamizi au kwa nguvu ya sheria fulani. "On the authority of" ni kwa kunukuu mtu au chanzo. "On good authority" ni habari iliyotoka kwa mtu wa kuaminika. "With authority" ni kwa sauti ya mtu anayejua analolisema. Hizi tano ukizishika utakuwa umeepuka nusu ya makosa.

Hatua ya tatu: uliza nani anamwamuru nani

Sasa rudi kwenye mazingira. Andika pembeni majibu ya maswali matatu: nani anayo haki hiyo, ameipata wapi, na anaitumia kwa nani. Ikiwa ameipata kwa sheria au katiba, Kiswahili kinaelekea "mamlaka". Ikiwa ameipata kwa cheo alichokalia, kinaelekea "madaraka". Ikiwa mtu mmoja amempa mwenzake kwa jambo moja, ni "idhini", "ruhusa" au, kikitolewa kwa karatasi na ofisi, "kibali". Ikiwa hakupewa na mtu bali watu humsikiliza tu, ni "kauli", "sauti" au "heshima".

Mfano wa karibu uko katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 8(1)(a) inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali itapata madaraka na mamlaka yake yote kutoka kwao. Nakala ya Kiingereza, pale panaposema msingi wa mamlaka yote uko kwa wananchi, haikuweka "authority" bali "sovereignty". Mbele kidogo, "madaraka na mamlaka" yake ni "power and authority". Neno moja la Kiswahili limesimama badala ya maneno mawili ya Kiingereza ndani ya ibara moja. Anayefanya kazi kwa kubadilisha neno kwa neno hapo angepotea. Anayejiuliza nani anampa nani hapotei.

Ibara ya 107A(1) inaonyesha ile maana ya tatu. Mahakama inatajwa kuwa mamlaka yenye kauli ya mwisho ya utoaji haki, na Kiingereza kinasema "the authority with final decision". Ni chombo.

Hatua ya nne: chagua neno la Kiswahili

Kwa haki ya kuamuru inayotoka kwenye sheria, "mamlaka" ndiyo yenyewe. Lakini katika mazungumzo ya nyumbani au kazini si lazima. "You have no authority over me" katika tamthilia ya kijana na baba wa kambo haitoki vizuri kwa "huna mamlaka juu yangu". Mtoto wa kweli angesema "huna amri na mimi" au "wewe si wa kuniamuru". "My father had great authority in the village": "baba alikuwa na sauti kijijini", au "baba alikuwa mtu wa kusikilizwa".

Kwa idhini, tumia "idhini" kwa maandishi rasmi na "ruhusa" kwa mengine. "Who gave you authority to open this letter?" ni "nani amekuruhusu kufungua barua hii?" Ukisema "nani amekupa mamlaka" umeongeza ukali ambao huenda mwandishi hakuutaka, ingawa mahali pengine ukali huo ndio unaotafutwa.

Kwa mjuzi, tuna maneno mazuri: bingwa, gwiji, mtaalamu, mjuzi, mwanazuoni. Programu za kutafsiri bado hutoa "yeye ni mamlaka katika fasihi", sentensi ambayo hakuna Mswahili aliyewahi kuisema. Ukiona "mamlaka katika" katika tafsiri unayohariri, simama hapo.

Kwa "on good authority", sema "nimeambiwa na mtu wa kuaminika" au "habari hizi nimezipata pa uhakika". Kwa "spoke with authority", "alizungumza kwa uhakika wa mtu anayejua". Kwa watangazaji wa mpira, "stamped their authority on the match" ni "walitawala mchezo". Haihitaji mhuri wala mamlaka.

"The authorities" ndiyo inayowasumbua zaidi waandishi wa habari. Shirika la habari la nje linaandika "authorities said", mhariri wa zamu anaandika "mamlaka zimesema", na msomaji wa Tabora au Malindi habaki na kitu. Kiingereza kinavumilia ukungu huo. Kiswahili kina maneno yaliyo wazi zaidi. Soma habari mpaka mwisho, mara nyingi msemaji anatajwa aya ya nne au ya tano, kisha andika "polisi", "serikali", "maofisa wa uhamiaji", "uongozi wa mkoa". Wakikusanyika polisi, jeshi na usalama, tuna "vyombo vya dola". Ikiwa kweli hakuna anayetajwa mpaka mwisho, "wakuu wa nchi hiyo" au "serikali ya nchi hiyo" ni bora kuliko "mamlaka" iliyo tupu.

Kwenye utumishi wa umma istilahi zimeshaganda na hazifai kuchezewa: "appointing authority" ni mamlaka ya uteuzi, "disciplinary authority" ni mamlaka ya nidhamu, "local government authorities" ni mamlaka za serikali za mitaa. Hii ya mwisho imo hata katika majina ya sheria mbili za Tanzania za mwaka 1982, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji. "Competent authority" huandikwa "mamlaka husika", na "the minister responsible" si mamlaka bali "waziri mwenye dhamana".

Hatua ya tano: sawazisha upatanisho

Hapa hata waandishi wazuri huteleza. "Mamlaka" ikiwa ni haki au nguvu, ipeleke kwenye ngeli ya YA: mamlaka haya, mamlaka makubwa, mamlaka hayo yanatoka kwa wananchi. Ikiwa ni chombo, ipeleke I-ZI: mamlaka hiyo imetangaza, mamlaka hizo zimetangaza. Ibara ya 107A tuliyoitaja inafuata mkondo huu: "Mamlaka yenye kauli ya mwisho … itakuwa ni Mahakama."

Wapo wanaotumia I-ZI kwa zote, na matumizi hayo yameenea. Hata hivyo, kuzitenga kunampa msomaji msaada wa bure: akiona "haya" anajua ni nguvu, akiona "hiyo" anajua ni ofisi. Linganisha "mamlaka haya yamevuka mipaka" na "mamlaka hiyo imevuka mipaka". Ya kwanza inasema nguvu zimezidi. Ya pili inailaumu taasisi.

Majina ya taasisi: herufi A ina wenyewe

Usikisie kirefu cha A mwishoni mwa kifupisho. Inaweza kuwa "Authority" na inaweza kuwa "Agency", na kwa Tanzania tofauti hiyo ni ya kisheria: ya kwanza ni Mamlaka, ya pili ni Wakala.

DAWASA ni Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam, lakini RUWASA, inayoshughulika na maji ya vijijini, ni Wakala. LATRA ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. TARURA, ya barabara za vijijini na mijini, ni Wakala. TRA (ya mapato), EWURA (ya udhibiti wa nishati na maji), TCRA (ya mawasiliano) na NIDA (ya vitambulisho) zote ni Mamlaka. BRELA (ya usajili wa biashara) na RITA (ya usajili wa vizazi na vifo, ufilisi na udhamini) ni Wakala. TMA inahitaji uangalifu wa ziada: ilikuwa Wakala wa Hali ya Hewa, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Kifupisho hakikubadilika hata herufi moja. Ukitafsiri ripoti ya mwaka 2010, Wakala ni sahihi. Ripoti ya 2022, Mamlaka.

Kenya ina mazoea yake. KRA utaisoma kama Mamlaka ya Mapato au ya Ushuru, na SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya afya ya NHIF mwaka 2024, ni Mamlaka ya Afya ya Jamii. Lakini magazeti ya huko yamezoea pia "halmashauri", kama Halmashauri ya Bandari kwa KPA. Kwa msomaji wa Tanzania, halmashauri ni baraza la wilaya au mji, lenye madiwani. Jua unamwandikia nani.

Mara chache "Authority" huwa si ofisi bali kikao cha watu. Chini ya mkataba wa mwaka 1967 wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, chombo cha juu kiliitwa "East African Authority", na wajumbe wake walikuwa marais watatu tu wa Tanzania, Kenya na Uganda. Baada ya mapinduzi ya Idi Amin mwaka 1971 Nyerere hakukubali kuketi naye, na chombo hicho hakikukutana tena mpaka Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa mwaka 1999 uliofufua Jumuiya unatumia "Summit" kwa mkutano wa wakuu wa nchi. Anayetafsiri nyaraka za miaka ile asiandike "mamlaka" kana kwamba ni jengo lenye wafanyakazi. Hao walikuwa marais watatu mezani.

Kadhalika nyaraka za Umoja wa Mataifa kuhusu Tanganyika. Nchi ilipowekwa chini ya udhamini mwaka 1946, Uingereza iliitwa "Administering Authority", msamiati unaotoka ibara ya 81 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Maana yake ni nchi iliyokabidhiwa usimamizi. "Nchi msimamizi" inaeleweka haraka kuliko "mamlaka simamizi", na pia inakumbusha kwamba ilikuwa dhamana, si miliki.

Authority na power

Hizi mbili hazibadilishani kila mahali. "Power" ni uwezo wa kufanya jambo litokee, uwe halali usiwe halali. "Authority" ni haki inayotambuliwa ya kulifanya. Jambazi mwenye bunduki ana "power" juu yako. Hana "authority" hata chembe. Msemo wetu "mwenye nguvu mpishe" unahusu "power" peke yake. Refa wa mpira mwembamba asiyeweza kumsukuma beki ana "authority".

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inazitenga kwa makusudi. Ibara ya 1 inasema "sovereign power" ni ya wananchi. Zikifika ibara zinazogawa kazi, neno linabadilika: "legislative authority" katika ibara ya 94, "executive authority" katika ya 129, "judicial authority" katika ya 159, na zote tatu zinasema imetoka kwa wananchi. Na ibara ya 73 inaeleza kuwa "authority" aliyokabidhiwa ofisa wa serikali ni dhamana ya umma. Kwa hiyo anayeandika insha ya uraia kwa Kiingereza akisema "the President's sovereign power" amekosea sarufi ya katiba yenyewe.

Zingatia pia kwamba "matumizi mabaya ya madaraka" kwa Kiingereza cha sheria mara nyingi si "abuse of authority". Sheria ya Kenya ya mwaka 2003 ya kupambana na rushwa inasema "abuse of office". Ya Tanzania ya mwaka 2007 inasema "abuse of position". Hati ya mashtaka itafsiriwe kwa neno la sheria husika.

Mahakamani

Wakili anapowasilisha "list of authorities" haleti orodha ya viongozi. Ni orodha ya sheria na mashauri yaliyoamuliwa anayoyategemea. "Binding authority" ni uamuzi unaoifunga mahakama iliyo chini. "Persuasive authority" unaweza kufuatwa au kuachwa. Andika "rejea", au "maamuzi na sheria zinazotegemewa". Jambo hili limekuwa na uzito zaidi Tanzania tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama.

Kwenye sheria ya mikataba kuna "actual authority", ambayo mtu kapewa kweli, na "apparent authority", ambayo hakupewa ila aliyemtuma amewafanya watu wa nje waamini kuwa anayo. Katika shauri la Freeman & Lockyer la mwaka 1964, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kuwa kampuni ilipe wasanifu majengo walioajiriwa na mkurugenzi ambaye hakuwahi kuteuliwa rasmi kuwa mtendaji, kwa kuwa bodi ilimwacha ajiendeshe kama mtendaji. Usitafsiri hiyo ya pili kuwa "mamlaka bandia". Bandia ni udanganyifu, na mahakama ilisema yanaifunga kampuni. "Mamlaka yanayoonekana kuwapo" inatosha.

Makosa yetu tunapoandika Kiingereza

"He was given an authority to sign." Ondoa "an"; ni idhini, haihesabiki.

"Authority of signing." Hii imetoka moja kwa moja kwenye "mamlaka ya kusaini". Iwe "authority to sign".

"The director has many authorities." Mkurugenzi ana "wide powers". "Powers" huhesabika katika maana hii, "authority" haihesabiki.

"She is in authority of the department." Sema "in charge of".

"He is an authoritative leader", ukikusudia kumlalamikia. "Authoritative" ni sifa njema: mwenye uzito, wa kutegemewa. Anayetawala kwa mabavu ni "authoritarian". Wanaosoma ualimu na malezi hukutana nazo pamoja, kwa kuwa mwanasaikolojia Diana Baumrind alizitumia katika miaka ya 1960 kutenga mzazi anayeongoza kwa msimamo na maelezo na mzazi anayetaka utii tu. Ukizigeuza kwenye mtihani, jibu zima limegeuka.

Kitenzi ni "authorise" au "authorize". Tahajia zote mbili zinakubalika Uingereza, Marekani ni "z". Chagua moja, uishike mpaka mwisho wa waraka.

Barua ya idhini, mstari kwa mstari

Chukua barua ya kumtuma mtu kuchukua mzigo. Kiingereza chake cha kawaida huanza hivi:

"I, the undersigned, hereby authorise ........ to collect on my behalf the goods listed below."

Muundo ni "authorise" kisha mtu kisha "to" na kitenzi. Usiandike "authorise that" wala "authorise for collecting". Kiswahili chake: "Mimi niliyesaini hapa chini ninamwidhinisha ........ kuchukua kwa niaba yangu bidhaa zilizoorodheshwa hapa chini."

"This authority does not extend to the sale or transfer of the goods."

"This authority" hapa ni idhini hii, si mamlaka hii. Mstari huu huachwa mara kwa mara, nao ndio unaokulinda: bila mpaka, aliyetumwa kuchukua anaweza kujifanya ametumwa kuuza, na mnunuzi atadai aliamini. "Idhini hii haihusu kuuza wala kuhamisha umiliki wa bidhaa."

"This authority is valid until ........ and may be revoked in writing at any time."

Weka tarehe kamili, si "for one month", maana mwezi huo utabishaniwa ulianza lini. "Revoke" ni kutengua au kufuta idhini, na unapoifuta peleka nakala kwa anayeushikilia mzigo. Asipoarifiwa, ataendelea kuamini barua aliyonayo mkononi, na sheria ya ile "apparent authority" inaweza kusimama upande wake.

Chini yake jina kamili, namba ya kitambulisho cha mtoaji na cha mpokeaji, saini zote mbili na tarehe. Kwa mambo mazito, kama kuuza kiwanja au kuendesha kesi, barua hii haitoshi; kinachotakiwa ni "power of attorney", hati ya kumwezesha mtu atende kisheria kwa niaba yako, ambayo husainiwa mbele ya wakili au ofisa mwenye ruhusa ya kushuhudia. Angalia kwamba hapo Kiingereza kimerudi kwenye "power". Ndilo jina la hati, usilibadilishe kuwa "authority of attorney".